Sura za waigizaji ukutani: kutoka Edo hadi Chang'ombe



Juzi nilikwenda kunyoa nywele hapa mtaani kwetu Chang'ombe, Dodoma. Saluni yenyewe zamani ilikuwa duka la kukodisha filamu, na ukuta mmoja ulibaki na makava ya Bongo Movie yaliyobandikwa kwa gundi. Nikamkuta fundi rangi anayakwangua. Kanumba alikuwa ameshabaki nusu uso. Nikaomba nibandue moja. Kinyozi akacheka: "Kaka, takataka hizo utazifanyia nini?"

Nikakumbuka Wajapani. Katika jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo, watu walipenda mno mchezo wa jukwaani uitwao kabuki. Wanawake walipigwa marufuku kuucheza mwaka 1629, hivyo hata bibi harusi alikuwa mwanamume. Mashabiki walitaka kwenda nyumbani na sura za mastaa wao, na biashara ikazaliwa. Mchapishaji alitoa mtaji, mchoraji akachora, mchongaji akachonga kwenye ubao wa mcheri, mpiga chapa akapaka wino na kukandamiza karatasi, kila rangi na ubao wake. Ilikuwa picha ya bei poa, ya mtu wa kawaida.

Mchoraji aliyejiita Sharaku alianza mwaka 1794, akatoa picha zaidi ya 140 ndani ya miezi kama kumi, kisha akapotea. Hakuwapamba waigizaji: pua kubwa aliiacha kubwa, na mwanamume aliyevaa kike alionekana mwanamume. Mwaka 1910 Mjerumani Julius Kurth alimwandikia kitabu, na leo makumbusho makubwa duniani yanajivunia kazi zake.

Wakubwa hawakuzipenda picha hizi. Mwaka 1842 serikali ilizipiga marufuku kwa kisingizio cha maadili. Baada ya miaka michache, Utagawa Kuniyoshi akatoa picha za waigizaji zikiwa kama michoro ya mtoto mtundu kwenye ukuta wa ghala. Kila shabiki aliwatambua!

Kilichonigusa zaidi ni picha za msiba. Ichikawa Danjuro wa nane alipojiua Osaka mwaka 1854, zilichapwa picha za kumuaga za aina zaidi ya 100. Nikakumbuka tarehe 7 Aprili 2012. Nilikuwa darasa la sita Kanumba alipofariki akiwa na miaka 28. Dar es Salaam umati ulifurika viwanja vya Leaders kumuaga, fulana zenye sura yake zikavaliwa, na hata huku kwetu dada yangu alibandika picha yake juu ya kitanda.

Picha ile iko wapi? Sijui, na dada naye hajui. Hapo ndipo tunapotofautiana na Edo. Kule mashabiki walizihifadhi karatasi zao, wengine wakazibandika kwenye albamu, ndiyo maana leo tunajua watu wa mjini walimpenda nani, walivaaje na waliliaje. Sisi tunakwangua.

Kava langu limechanika pembeni, lakini nimelilaza ndani ya atlasi ya shule. Wewe mdau, kama una lako chini ya kitanda, usilitupe. Andika nyuma yake ulilipata wapi na mwaka gani.

Haya, tuonane wiki ijayo.