Majaji wa Bawa

Kwetu firigisi ilikuwa ya baba. Mabawa tuliachiwa sisi watoto. Ndiyo maana nacheka nikisoma kuhusu Buffalo, Marekani, ambako tangu 2002 kuna tamasha zima la mabawa ya kuku, na watu wanaojulikana mjini huketi kama majaji, vidole vimejaa sosi.

Wao huamua ladha tu. Sifa zilishagawiwa zamani: Teressa Bellissimo wa Anchor Bar, 1964. Lakini miaka hiyohiyo John Young, Mmarekani Mweusi, aliuza mjini humo mabawa mazima yaliyopakwa unga, na sosi yake ya mambo. Jina lake halikuvuma hivyo.

Ningekuwa jaji, ningeuliza kwanza: sahani ya Young iko wapi?