Jicho la Mgeni na Kipimo Chake: Mama wa Kigusii katika Maandishi ya Kietnografia, 1955–1994

Makala haya yanachunguza jinsi maandishi ya kietnografia yalivyomsawiri mama wa Kigusii. Tutayasoma kama tusomavyo masimulizi mengine: nani anasimulia, amesimama wapi, na anapima kwa kipimo gani?

Mwaka 1955, Robert LeVine na Barbara LeVine walifika katika nchi ya Wagusii, ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, wakafanya utafiti hadi 1957. Kitabu chao, *Nyansongo* (1966), kilikuwa sehemu ya mradi uliolinganisha malezi katika jamii sita, mojawapo ikiwa ya Marekani, kwa mwongozo mmoja wa utafiti. Ulinganishi huo una faida, lakini una hatari pia. Mama asiyemsifu mwanawe huonekana amepungukiwa na kitu pale ambapo sifa huhesabiwa kuwa ushahidi wa upendo. Wagusii, kwa upande wao, waliona kuwa sifa humtia mtoto majivuno.

Katika miaka ya 1974 hadi 1976, Robert LeVine alirejea pamoja na Sarah LeVine na wenzao, wakiwemo madaktari wa watoto. Matokeo yake yalitolewa mwaka 1994 katika *Child Care and Culture*. Humo tunamkuta mama ambaye humweka mtoto mchanga karibu na mwili na kumtuliza mara aliapo, ingawa hamsemeshi sana wala hamkazii macho. Swali la msimulizi sasa limebadilika. Haulizi tena mama huyu anakosa nini, bali anakusudia nini. Jibu ni kwamba anakusudia kwanza mtoto aishi na atulie, ilhali mama wa Boston anakusudia kumfundisha mazungumzo tangu uchanga. Hata kuepusha macho kunaeleweka katika jamii ambayo adabu ya mazungumzo haidai watu wakaziane macho.

Jambo zito zaidi ni lile linalosimuliwa kwa ufupi sana. Akina mama wa Kigusii walipoonyeshwa kanda za video za wenzao wa Kimarekani, walisikitishwa na jinsi wale walivyochelewa kumwitikia mtoto aliaye. Kwa kipimo chao, aliyepungukiwa alikuwa Mmarekani. Hapo aliyetazamwa alipata nafasi ya kutazama.

Ni dhahiri basi kuwa hakuna jicho lisilo na kipimo. Mtazamaji mwadilifu hukitaja chake waziwazi, kisha hukubali kupimwa kwa cha mwenyeji. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwanafunzi atokaye Kisii au Nyamira, anaposoma habari za bibi yake katika maktaba ya chuo kikuu, ana haki ya kuuliza kama mwenyeji amepona. Hapana budi mhakiki amsaidie kuuliza, kwani hukumu ya wale akina mama bado imebaki aya chache ndani ya kitabu cha mgeni, kwa lugha ya mgeni.