Mwaka nyumba 41 zilipovutwa kutoka Cape Town hadi Cairo

Ugomvi wa barabara ya kaskazini ya Serengeti umeshakuwa na umri wa kuitwa historia. Mwaka 2010 serikali ilieleza nia ya kuiunganisha Mugumu na Loliondo kwa barabara ambayo kilomita 53 zake zingepita ndani ya hifadhi. Shirika la kutetea wanyama la Kenya, ANAW, likaishitaki Tanzania katika Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha, na tarehe 20 Juni 2014 majaji wakazuia lami isiwekwe ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Watetezi wa wanyama walishangilia hadi Ulaya na Marekani. Machochwe, kata ya wilaya ya Serengeti inayopakana na hifadhi hiyo, wagonjwa waliendelea kupelekwa Mugumu kwa pikipiki, kwenye njia ambayo kiangazi ni vumbi na masika ni tope.

Katika mabishano yote yale walihesabiwa wasafiri wa aina mbili tu: mtalii anayefikia hotelini na mwanakijiji anayekwenda sokoni. Yupo wa tatu, naye ni yule anayekuja na nyumba yake nyuma ya gari. Nyumba hiyo huitwa karavani. Pale kijijini wengi wangesema tu kwamba kaja na tela lenye kitanda. Historia ya tela hilo Afrika Mashariki ni kongwe kuliko lami ya mkoa wa Mara, na tangu mwanzo imekuwa hadithi ya uzito: nyumba iwe na kilo ngapi ili barabara zetu ziikubali?

Waliotangulia hawakujiuliza swali hilo. Mwaka 1938 Mtaliano Attilio Gatti alikuja Kongo ya Wabelgiji na makaravani mawili yaliyochorwa na Alexis de Sakhnoffsky na kuvutwa na magari ya kampuni ya International Harvester. Yakiegeshwa ubavu kwa ubavu yalikuwa nyumba ya vyumba vitano, yenye jiko na bafu. Baada ya vita Gatti alirudi, safari hii kupitia Mombasa na Kenya, akielekea Milima ya Ruwenzori. Aliongozana na mafundi redio wawili wa Kimarekani, Robert Leo na William Snyder, waliorusha mawasiliano hadi kwao kwa mitambo ya Hallicrafters. Yalikuwa maonyesho ya makampuni zaidi ya kuwa safari za watu. Hakuna mwananchi wa kawaida, hata wa Marekani, ambaye angeyaona makaravani yale akasema na mimi nitanunua langu.

Aliyebadili jambo hilo ni mchunga kondoo. Wally Byam alizaliwa tarehe 4 Julai 1896 huko Oregon, Marekani. Ujanani alichunga kondoo akiishi kwenye kigari cha magurudumu mawili cha kukokotwa na punda, chenye jiko la mafuta ya taa, chakula, ndoo ya kunawia na mfuko wa kulalia. Kijana wa Machochwe anayelala dunguni kulinda mahindi dhidi ya tembo angemwelewa Byam bila mkalimani, kwa sababu wote wawili wanajua kwamba mtu anayefuata mifugo au anayelinda shamba anahitaji paa linalokwenda alipo. Byam alikua, akaoa, na mkewe hakupenda kulala chini. Akajenga hema juu ya chesisi ya gari la Ford, kisha kibanda, kisha akaanzisha kampuni ya Airstream mwaka 1931. Mwaka 1936 alitoa karavani la aluminiamu iliyopigwa ribiti kama bodi ya ndege.

Safari yake ya 1959 ndiyo inayonifanya niandike makala haya. Kwa sehemu kubwa inafahamika kupitia yeye mwenyewe, katika kitabu chake Trailer Travel Here and Abroad kilichotoka mwaka 1960, na kupitia picha na filamu za kampuni yake. Byam aliwakusanya Wamarekani zaidi ya 100, wengi wao wastaafu, wenye makaravani 41 ya Airstream. Wakashuka Cape Town katikati ya mwaka 1959 wakiwa na lengo moja, kufika Cairo kwa barabara. Mbele yao zilikuwapo zaidi ya kilomita 20,000, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa haijawahi kuona lami.

Hebu tuyaone makaravani hayo yakipanda kuelekea kwetu. Yanang'aa mfano wa vioo, kila moja likiwa na uzito uliozidi tani, na mengi yanavutwa na malori madogo ya International. Yanavuka Rhodesia, yanaingia Kongo, yanakuta matope ya ukanda wa misitu. Kisha Uganda, kisha Kenya, yakilizunguka Ziwa Victoria kwa upande wa kaskazini. Jioni wakipata uwanja wanaegesha kwa duara, milango ikitazamana, kwa mtindo ambao Byam aliuanzisha na wenye Airstream wanaufuata hadi leo. Ndani ya kila tela mna jiko la gesi, jokofu na kitanda chenye shuka.

Ni mwaka gani huo kwa watu wa njiani? Kongo ilikuwa imetikiswa na ghasia za Léopoldville mwezi Januari na ingepata uhuru mwaka uliofuata. Kenya ilikuwa bado chini ya hali ya hatari. Huko Tanganyika, chama cha TANU cha Julius Nyerere kilikuwa kimeshinda uchaguzi na hesabu ya kuondoka kwa Waingereza ilikuwa imeanza. Na hapa Serengeti, 1959 ni mwaka ambao watu wa mpakani wana sababu ya kuukumbuka: mipaka ilichorwa upya, Ngorongoro ikatengwa na hifadhi, na Wamaasai wakaondolewa ndani ya Serengeti. Januari 10 ya mwaka huohuo Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama kutoka angani pamoja na baba yake Bernhard, alikufa kwa ajali ya ndege akiwa na miaka 24. Yaani katika miezi ileile ambapo wafugaji wa Kiafrika walikuwa wakielezwa wapi wasiweke tena boma, wastaafu wa Kimarekani walikuwa wakiweka kambi kila jioni walipopenda. Byam alihubiri uhuru wa kusafiri bila kukata tiketi wala kuomba chumba hotelini, na aliuamini kwa moyo. Simlaumu. Nasema tu kwamba anayesoma safari yake akiwa Machochwe hawezi kuacha kuviona vitu hivi viwili kwa pamoja.

Mtihani wenyewe ulikuwa kaskazini mwa Kenya. Barabara ya Moyale tuliyoizoea leo, yenye lami kutoka Isiolo mpaka mpakani, imekamilika juzijuzi tu, katika muongo uliopita. Wakati ule ilikuwa mawe, mchanga na makorongo, na upande wa Ethiopia ulikuwa mbaya zaidi. Hapo ndipo uzito ulipodai malipo yake. Anayevuta tela kwenye barabara ya changarawe anajua kinachotokea: gari linaweza kuchagua mahali pa kupitisha magurudumu yake, lakini tela hufuata tu, na kila shimo lililokwepwa na gari hupokewa na ekseli ya nyuma. Springi hukatika. Chesisi hupasuka kwenye kiungo cha mbele. Ribiti hulegea moja baada ya nyingine kwa mtikisiko usiokoma, na pale zilipolegea vumbi huingia, halafu maji. Magari nayo yalichoka. Msafara uliokuwa na duara zuri jioni ulitawanyika barabarani mchana kutwa, wengine wakichomelea vyuma, wengine wakisubiri vipuri.

Walifika Addis Ababa. Mfalme Haile Selassie aliwapokea, akaingia ndani ya karavani kutazama jinsi Wamarekani wanavyoishi safarini. Kisha Sudan na jangwa lake, na hatimaye Misri, ambako makaravani yalipigwa picha mbele ya mapiramidi ya Giza. Picha hiyo imeuza makaravani ya Airstream kwa zaidi ya miaka 60. Byam mwenyewe alifariki mwaka 1962.

Tazama picha za safari hiyo, na utawaona watu wetu: wamesimama pembeni, wamejitanda mashuka, wanatazama. Majina yao hayamo. Yeyote aliyewahi kukwama kwenye udongo mweusi wa huku kwetu anajua kwamba gari halijitoi lenyewe. Hutolewa na watu wenye majembe, matawi ya miti na mabega. Naona uchungu kwamba historia ya kusafiri Afrika imeandikwa na waliokaa ndani ya gari, na waliosukuma wakabaki kuwa pambo la picha. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1959 kando ya njia hiyo wanazidi kupungua. Chuo chochote cha historia katika nchi hizi kingeweza kumtuma mwanafunzi na kinasa sauti, na kazi hiyo haingekuwa ya gharama kubwa.

Jibu la swali la uzito halikutoka kwa matajiri wa Airstream. Lilitoka Winnipeg, Canada, kwa Ray Olecko, aliyekuwa ametengeneza tangi la maji taka la faiba na akaona kwamba ganda lile lile jepesi linaweza kuwa nyumba. Mwaka 1968 alianza kuuza karavani liitwalo Boler: urefu wa futi 13, uzito usiofika kilo 500, mviringo kama kofia ya duara ambayo ndiyo iliyolipatia jina. Miaka michache baadaye huko Backus, Minnesota, kukaanza Scamp, linaloundwa hadi leo kwa mtindo huohuo.

Utaalamu wake unaeleweka kwa yeyote aliyeona boti ya faiba ikitengenezwa. Kalibu hupakwa kwanza rangi ya nje iliyo ngumu na laini, kisha hutandikwa mikeka ya nyuzi za kioo iliyolowekwa resini, tabaka juu ya tabaka. Ikikauka, ganda hutoka zima. Boler lina maganda mawili, la juu na la chini, yanayokutana katikati na kufungwa kwa mkanda. Hakuna fremu ya mbao ya kuoza ndani ya kuta, wala mabati ya kupata kutu, wala viungo vingi vya kupitisha mvua. Kwa sababu hiyo, makaravani yenye zaidi ya miaka 50 bado yapo barabarani Canada na Marekani, yakirithishwa kutoka kwa babu hadi mjukuu. Likipasuka, unasugua, unabandika mkeka na resini, unapaka rangi.

Mwenye nalo hatafuti gari kubwa. Gari dogo la kawaida linalivuta, mradi mzigo upangwe vizuri: sehemu ya kumi ya uzito au zaidi kidogo ilalie kwenye ndoano ya gari, la sivyo tela litayumba nyuma na kuliburuta gari nje ya barabara. Usiku anapika ndani, analala juu ya ardhi, mvua ikinyesha anasikia tu sauti yake. Haya ni maisha ya mwalimu mstaafu au fundi wa kawaida kule, wala si ya tajiri.

Kwetu miongo ya karibuni ina machache ya kusimulia. Wageni wanaovuka bara zima siku hizi huja zaidi na magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, yenye hema juu ya paa. Malangoni mwa hifadhi ada ya gari hupangwa kwa uzito na kwa namba za usajili, hivyo wepesi una faida ya fedha pia. Mtanzania anayevuta nyumba yake kwenda kuangalia nyumbu ni nadra kiasi kwamba askari wa lango angemwita mwenzake aje amwone.

Na hapo ndipo ninapoona uzembe. Faiba si kitu kigeni kwetu. Ziwa Victoria limejaa boti zake. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Mwanza akikabidhi boti za kisasa na vizimba kwa wavuvi kwa mkopo nafuu. Mikono inayoweza kutandika mkeka na resini juu ya kalibu ipo kandokando ya ziwa letu. Mafundi wa matela ya trekta na mikokoteni ya ng'ombe wapo kila mnada wa Mara, na wao wanaijua njia ya Machochwe kuliko mhandisi yeyote wa Winnipeg: wanajua ekseli iinuliwe kiasi gani ipite juu ya makorongo, na tairi iwe pana kiasi gani isizame. Mafundi hawa wa aina mbili hawajawahi kukutanishwa kwenye karakana moja. Halmashauri ya Serengeti, inayosubiri watalii wavuke lango ili ipate chochote, ingeweza kutenga Mugumu uwanja wenye maji na choo, kisha ikaagiza tela moja la faiba kutoka kwa watu hao na kulikodisha kwa walimu na wauguzi wa wilaya wakati wa likizo. Tela la kwanza lingegharimu zaidi kwa sababu ya kalibu; la pili na la tatu yangetoka kwenye kalibu hiyohiyo.