Watoto katika vita vya dini: kutoka Cloyes hadi Msambweni

Mwaka 1212, mchungaji mchanga aitwaye Stephen, wa Cloyes nchini Ufaransa, alijitokeza akidai kuwa Yesu amemkabidhi barua aipeleke kwa mfalme. Umati ulimfuata hadi Saint-Denis, karibu na Paris, na Mfalme Philip wa Pili akawaamuru warejee makwao. Mwaka uo huo, Nicholas wa Cologne, Ujerumani, aliongoza umati mwingine kuvuka milima ya Alps hadi bandari ya Genoa, akiahidi kuwa bahari ingepasuka wapite kwa miguu hadi Yerusalemu. Bahari haikupasuka.

Hivyo ndivyo vilivyokuja kuitwa Vita vya Msalaba vya Watoto, jina ambalo lenyewe lina walakini. Neno la Kilatini pueri, lililotumiwa na waandishi wa zama hizo, lina maana ya wavulana, lakini pia liliwahusu vibarua na mafukara wasio na ardhi. Papa Innocent wa Tatu hakuiitisha safari hiyo, wala wasafiri hawakufika vitani. Kisa cha wafanyabiashara wawili wa Marseille waliowapakia watoto katika meli 7, mbili zikazama na waliosalia wakauzwa utumwani, kiliandikwa miongo kadhaa baadaye. Yafaa kisomwe kwa tahadhari.

Vijana maskini wasio na ardhi, na ahadi iliyovishwa joho la dini: kwa mkazi wa Ukunda au Msambweni, hayo si mageni. Agosti 1997, vijana waliolishwa kiapo na waganga katika msitu wa Kaya Bombo, Kwale, walivamia kituo cha polisi cha Likoni. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika machafuko hayo na takriban 100,000 wakahama makwao. Kiapo kilidaiwa kuwakinga dhidi ya risasi. Kilichowasukuma hasa ni uchungu wa ardhi na ajira, uliochochewa na siasa za uchaguzi.

Miaka iliyofuata, wasajili wa kundi la Al-Shabaab waliutumia uchungu uo huo kuwavuta vijana wa Kwale hadi Somalia, baadhi wakiahidiwa kazi na mshahara. Jinsi kundi hilo linavyowatumia watoto ilidhihirika Machi 2016, lilipowapeleka wapiganaji Puntland kwa mashua. Makumi ya waliokamatwa huko walikuwa watoto, na baadhi wakashtakiwa katika mahakama za kijeshi.

Viongozi wa dini waliopinga itikadi hiyo hawakusalimika. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, aliuawa kwa risasi huko Likoni Juni 2014.

Kenya ilikuwa imeharamisha kuwaingiza watoto katika vita kupitia Sheria ya Watoto ya 2001, na mwaka 2002 ikaridhia itifaki ya Umoja wa Mataifa inayoyakataza makundi yenye silaha kumsajili yeyote aliye chini ya miaka 18. Kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliwapa waliojiunga na kundi hilo siku 10 wajisalimishe wasamehewe. Katika vijiji vya Kwale, baadhi ya waliorejea waliuawa au wakatoweka, na wazee wa mitaa walioshukiwa kuwapasha polisi habari waliuawa pia.