HER2 kwenye jibu la maabara ina maana gani?

Msikilizaji wetu mmoja alitutumia picha ya jibu la maabara la mama yake, mgonjwa wa saratani ya matiti. Limeandikwa HER2 3+. Akauliza: "Ndiyo kusema imefika hatua ya tatu?"

Hapana. Hatua huonyesha saratani imeenea kiasi gani. Hiyo 3+ inahusu protini.

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba, na juu yake zimeshikamana protini zinazopokea ujumbe kutoka nje. HER2 ni mojawapo, na hata mtu mwenye afya anayo. Shida huanza pale jeni inayoitengeneza inapojirudia mara nyingi ndani ya seli ya titi. Protini hujaa kwenye utando, amri ya kugawanyika haikomi, na uvimbe hukua haraka. Hali hii huonekana kwa wagonjwa kama 15 hadi 20 katika kila 100 wa saratani ya matiti.

Mwaka 1987, Dk. Dennis Slamon na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa wagonjwa hawa walikuwa na hali mbaya kuliko wengine. Lakini protini iliyo nje ya seli inafikika kwa dawa. Trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hujishika kwenye HER2, huzuia ile amri na kuita kinga ya mwili ishambulie. Kwa hiyo jibu lililokuwa habari mbaya tupu, sasa linaonyesha dawa ya kutumia. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, ingawa bei yake bado inawaumiza wengi.

Kipimo hufanywa kwenye kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Jibu la 0 au 1+ huhesabiwa hasi, 3+ ni chanya. 2+ halijakamilika: jeni yenyewe lazima ipimwe. Kinyama kikichelewa kuwekwa kwenye dawa ya kuhifadhi iitwayo fomalini, jibu linaweza kupotosha, na kwa sisi tulio mbali na maabara hilo si jambo dogo. Muulizeni daktari bila woga: "Kimepimwa HER2?" Karatasi itunzeni kama hati ya shamba.

Wenye jibu hasi nao hawajaachwa. Wapo wanaopimwa homoni na kupewa vidonge. Kwa wasio na homoni wala HER2, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 hulenga protini nyingine ya juu ya seli, TROP2, lakini hiyo ni ghali mno.

Kwa mama wa msikilizaji wetu, swali la kupeleka kliniki ni la moyo. Trastuzumab inaweza kuudhoofisha, hivyo moyo hupimwa kabla ya kuanza dawa na tena wakati wa matibabu. Akichoka kupita kawaida, akivimba miguu au akikosa pumzi, arudi hospitali mara moja, asingoje tarehe ya kliniki.