Burse ya serikali: aliyeacha masomo alilipa nini?

Kijana akipata burse ya kwenda kusoma ng'ambo, familia inafanya sherehe, na karatasi anazotia sahihi hazisomwi na mtu. Mara nyingi ndani yake kuna mstari mmoja mdogo: ukiacha masomo kabla ya mwisho, pesa uliyopokea kwa miezi ambayo hukusoma utairudisha. Siku barua ya kudai inapofika, wazazi wanashangaa. Wanakumbuka wakubwa wao waliosomeshwa na serikali, wengine wakaacha katikati, na nyumbani hakuna aliyesikia kwamba walidaiwa hata franga moja.

Ni kweli, kwa franga hawakudaiwa. Lakini deni lilikuwapo.

Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na kile cha Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kikafuata mwaka 1956. Inchi ilipopata uhuru, tarehe 30/6/1960, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika hata 30. Ndiyo maana mnamo Septemba mwaka ule, kanali Mobutu alipowaweka pembeni wanasiasa, aliwaita wanafunzi na vijana waliotoka tu masomoni waje kuongoza ministeri. Wengine walikuwa bado wanasoma Ubelgiji, wengine Lovanium. Kati yao alikuwamo Étienne Tshisekedi, mwanafunzi wa sheria. Waliacha masomo kwa sababu serikali yenyewe iliwahitaji, na kazi ile ilipokwisha mwanzoni mwa 1961, Tshisekedi alirudi akamaliza sheria mwaka uleule. Nani angemwandikia barua mwanafunzi wa namna hiyo kumdai burse?

Baada ya hapo burse ikawa maisha ya kampasi. Serikali ilimlipia mwanafunzi chumba na chakula, ikampa na pesa kidogo ya mfukoni. Familia maskini ya kijijini iliweza kumtoa daktari bila kuuza shamba. Lakini pesa ile ilikuwa inapungua nguvu sokoni, na tarehe 4/6/1969 wanafunzi wa Lovanium wakaandamana mjini Kinshasa wakidai, pamoja na mengine, burse iongezwe. Askari waliwapiga risasi. Wengi walikufa, na hesabu yao inabishaniwa mpaka leo.

Miaka miwili baadaye, tarehe ileile ya 4 Juni, wenzao walitaka kuwakumbuka wafu wale. Mobutu akafunga Lovanium na kuwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Hapo ndipo mtu anaona deni la burse lilivyokuwa kweli. Serikali iliyokulisha haikudai pesa yake, ilikudai wewe mwenyewe: nywele zikanyolewa, yunifomu ikavaliwa. Wengi walikuja kuendelea na masomo wakiwa tayari askari. Mnamo Agosti 1971 vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vikaunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, chini ya mkono wa serikali, mpaka 1981.

Sababu ya pili ya kutodaiwa ni pesa yenyewe kufa. Zaire ilipozaliwa Juni 1967, moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Septemba 1983 ilishushwa vibaya sana. Tuseme mwanafunzi aliacha masomo mwaka 1985 akiwa amebaki na zaire 3,000 za miezi ambayo hakusoma. Mwaka 1993, zaire mpya moja ilipobadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3, deni lake lingekuwa sehemu moja kati ya 1,000 ya zaire mpya moja. Mwaka 1998 ikaja franga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Ofisi gani ingefungua faili kwa ajili ya hiyo?

Kufikia wakati huo burse yenyewe ilikuwa karibu imekwisha. Miaka ya 1980 serikali ilibana matumizi kwa mashauri ya FMI na Benki ya Dunia, na mzigo ukahamia kwa wazazi. Kisha usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi waliuawa katika kampasi ya Lubumbashi, na wapo waliokimbia wasirudi tena darasani.

Leo mzazi ndiye anayelipa minerval, na mtoto akiacha mnamo Februari, ni mara chache sana chuo kinarudisha kitu. Kwa hiyo mtu amekua akijua serikali isiyodai na chuo kisichorudisha. Barua ya hesabu kutoka ng'ambo, yenye tarehe na jumla, inamtisha kuliko inavyostahili. Wengine wanaitupa, wakati ni jambo la kuzungumzwa. Burse inalipwa mbele, kwa mwezi au kwa miezi mitatu, na habari ya kuondoka inachelewa kufika kwa wanaolipa. Ziada inatoka hapo. Anayedaiwa anaweza kuuliza ni siku gani iliyoandikwa kuwa ya mwisho, kuomba hesabu ya kila mwezi, na kuomba kulipa kidogo kidogo. Ndiyo maana barua ya kuacha masomo iandikwe siku ileile, na nakala yenye muhuri wa sekretariati ibaki mkononi mwa mwanafunzi.