Watu 400,000, nyota moja? Mgongano na mageuzi katika unajimu wa Wachina

Leo tunatoka kidogo kwenye historia yetu ya Maziwa Makuu, tunaenda China. Siku hizi vijana wengi wanaweka kwenye simu programu za unajimu wa Kichina. Unajaza siku na saa uliyozaliwa, halafu inakujibu: kwenye ramani yako kuna mgongano. Mtu analala na mawazo. Eti vita iliyomtoa kwao ilishaandikwa siku anazaliwa?

Wachina wenyewe wamebishana juu ya jambo hili karibu miaka elfu mbili. Hoja zao zinamfaa kila mtu aliyewahi kuambiwa kwamba shida zake zinatoka kwenye nyota yake.

Herufi nane

Kwanza tuone kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, kila kimoja kinapewa alama mbili. Jumla ni nane, ndiyo maana mfumo unaitwa bazi, yaani herufi nane. Alama ya juu ni shina la mbingu, na mashina yako 10. Ya chini ni tawi la dunia, na matawi yako 12. Hayo matawi ndiyo wale wanyama mnaowajua: Panya, Ng'ombe, Chui milia, Sungura, Joka, Nyoka, Farasi, Mbuzi, Nyani, Jogoo, Mbwa na Nguruwe. Shina na tawi vikizunguka pamoja vinatoa mzunguko wa 60. Mzunguko huo tunaukuta tayari kwenye mifupa ya kutabiria ya ufalme wa Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ukitumika kuhesabu siku.

Kila alama inabeba moja ya nguvu tano: mbao, moto, udongo, chuma, maji. Nguvu hizi zinazaana, na pia zinashindana: maji huzima moto, moto huyeyusha chuma, chuma hukata mbao, mbao hupasua udongo, udongo huzuia maji.

Sasa mgongano. Wapange wanyama 12 kwenye duara kama namba za saa ya ukutani. Wanaotazamana uso kwa uso ndio wanaogongana: Panya na Farasi, Ng'ombe na Mbuzi, Chui milia na Nyani, Sungura na Jogoo, Joka na Mbwa, Nyoka na Nguruwe. Panya ni maji ya katikati ya majira ya baridi, Farasi ni moto wa katikati ya majira ya joto. Wakikutana kwenye ramani moja, mnajimu anatazamia misukosuko: kuhama, kuachana, kitu kuvunjika.

Mageuzi yanatoka kwenye mashina. Kuna jozi tano za mashina yanayovutana, na kila jozi inaweza kuzaa nguvu nyingine. Mfano, shina liitwalo bing ni moto, na xin ni chuma. Kwa kawaida moto na chuma ni maadui, lakini hawa wawili wakiungana wanaweza kugeuka maji. Wanaweza, nimesema. Vitabu vinaweka masharti: mwezi wa kuzaliwa, yaani majira, lazima uiunge mkono ile nguvu mpya, na mashina hayo yakae jirani bila mwingine kuingia katikati. Masharti yakikosekana, wawili hao wanabaki wamefungana tu. Hakuna aliyegeuka, na hakuna anayeweza tena kufanya kazi yake ya zamani. Wanajimu wanaita hali hiyo kuungana bila kugeuka. Sisi wa kutoka kwetu, mikataba ya amani ya namna hiyo tumeiona mingapi?

Mfalme mwenye migongano miwili

Tuchukue ramani moja maarufu. Mfalme Qianlong alizaliwa Beijing tarehe 25 Septemba 1711. Matawi yake manne ni Sungura kwenye mwaka, Jogoo kwenye mwezi, Farasi kwenye siku na Panya kwenye saa. Ona sasa: Sungura na Jogoo wanagongana, Panya na Farasi wanagongana. Hakuna hata tawi moja lililopona. Ukiisoma kwa haraka utasema huyu mtoto kazi anayo.

Mwanajimu Ren Tieqiao, aliyezaliwa 1773, aliisoma ramani hiyo kwa njia nyingine kabisa. Shina la siku ya Qianlong ni chuma, na alizaliwa wakati wa vuli, majira ambayo chuma kina nguvu. Chuma chenye nguvu kinahitaji moto ili kifuliwe, ila moto ukizidi unakiharibu. Maji ya Panya yanaushika moto wa Farasi. Chuma cha Jogoo kinakata mbao za Sungura ambazo zingeuongeza ule moto. Kwa hiyo migongano yenyewe ndiyo inayoshikilia mizani. Qianlong alitawala kuanzia 1735 mpaka 1796, akaachia kiti mwenyewe baada ya miaka 60 ili asimpite babu yake Kangxi, akafariki 1799.

Hapa kuna somo na kuna shaka. Somo ni kwamba hata ndani ya unajimu wenyewe, mgongano peke yake hausemi lolote mpaka uulize majira na majirani. Shaka ni kwamba Ren aliisoma ramani wakati dunia nzima ilishajua mwenye ramani ni mfalme. China ya 1711 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 100 kwa makadirio ya wanahistoria, na saa moja ya Kichina ni saa mbili zetu. Ndani ya saa ile ile lazima walizaliwa mamia ya watoto wengine wenye herufi nane zile zile. Wao walilima, wakalipa kodi, wakafa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Miaka 60, mara miezi 12, mara siku 60, mara saa 12: ramani zote zinazowezekana ni 518,400. Wagawanye watu bilioni 8 wa leo, kila ramani inapata watu zaidi ya 15,000 kwa wastani. Iweke hiyo namba 518,400 kichwani, tutaihitaji.

Lugha ya washindi

Kumbe kabla ya kushuka kwa mtu mmoja mmoja, lugha hii ya nguvu kushindana ilikuwa ya tawala. Katika karne ya 3 KK, wakati falme za China zikipigana bila kupumzika, mwanafikra Zou Yan alifundisha kwamba kila ukoo wa kifalme una nguvu yake, na unaofuata ni ule unaoishinda. Mfalme wa Qin alipomaliza kuziteka falme zote mwaka 221 KK, alitangaza kwamba Zhou walikuwa moto na yeye ni maji. Nguo na bendera zikawa nyeusi, rangi ya maji. Aliyeshinda kwa upanga akasema mbingu ndizo zilizopanga.

Baadaye lugha hiyo ikaingia nyumbani kwa watu. Li Xuzhong (761–813), ofisa wa enzi ya Tang, alisifika kwa kusoma maisha ya mtu kwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kufikia enzi ya Song njia inayohusishwa na Xu Ziping ilikuwa imeongeza saa, na shina la siku likawa ndilo mtu mwenyewe. Programu za simu zinafuata njia hiyo. Lakini swali gumu lilikuwa limeshaulizwa zamani.

Changping

Mwaka 260 KK, huko Changping, jeshi la Zhao lilizingirwa, likashikwa na njaa, mwisho likajisalimisha kwa Bai Qi, jenerali wa Qin. Bai Qi akawaua wafungwa. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika zaidi ya miaka 150 baadaye, anataja watu zaidi ya 400,000. Wanahistoria wa leo wanaitilia shaka idadi hiyo, lakini mashimo ya mifupa yamefukuliwa kweli eneo lile, mkoa wa Shanxi. Sima Qian anasema walioachiwa warudi nyumbani ni 240 tu, wale wadogo kwa umri.

Sasa ile namba yetu. Ramani zote zinazowezekana ni 518,400. Wafu, kwa hesabu ya Sima Qian, wanazidi 400,000. Wote hao walizaliwa na nyota mbaya? Na wale 240 waliopona kwa sababu ya udogo wao, nyota zao ndizo zilizofanana?

Wa kwanza kulishika swali hili ni Wang Chong, aliyezaliwa mwaka 27. Alitoka familia maskini, hakuwa na pesa ya vitabu, kwa hiyo alisimama kwenye vibanda vya wauza vitabu mjini Luoyang akasoma humo humo. Aliwacheka waliosema wanyama wanashindana kwa nguvu zao: kama Panya ni maji na Farasi ni moto, mbona hatujawahi kuona panya akimfukuza farasi? Hata hivyo Wang Chong hakukataa majaaliwa. Juu ya Changping alisema kwamba majaaliwa ya nchi yanayashinda majaaliwa ya mtu. Nchi ikiporomoka, mwenye nyota nzuri na mwenye nyota mbaya wanaingia shimo moja.

Wa pili ni Lü Cai, aliyefariki 665. Taizong, mfalme wa Tang, alimpa kazi ya kupitia vitabu vya utabiri vilivyokuwa vimejaa mitaani na kuchuja upuuzi. Lü Cai akaishika mada yetu ya leo moja kwa moja. Wanajimu walikuwa na orodha za matawi yanayoumizana na matawi yanayopatana. Yeye akauliza: kuna aliyesikia kwamba askari wote wa Changping walikuwa na matawi yanayoumizana? Na wale watu wa Nanyang waliopanda vyeo pamoja, ni lazima wote walikuwa na matawi yanayopatana? Akaongeza kwamba kuna pacha, mimba moja, na mmoja anakufa mtoto wakati mwingine anazeeka.

Kisha akazipima kanuni kwa ramani za wafalme, akiwemo yule wa Qin. Huyo alizaliwa 259 KK, mwaka mmoja baada ya Changping, tena Handan, mji mkuu wa Zhao walioulwa watu wao, kwa kuwa baba yake alikuwa mateka huko. Kanuni zilisema ataishi sana na uzee wake utakuwa mzuri. Alikufa 210 KK, hajafika miaka 50.

Na sisi wa tarehe 1 Januari?

Hapa ndipo nilitaka kufika. Wengi wetu karatasi zinasema tumezaliwa tarehe 1 Januari. Cheti kilibaki kwenye moto, au hakikuwahi kuwepo, na mwandishi wa usajili alihitaji kujaza kile kisanduku. Kwa kalenda ya bazi, tarehe 1 Januari iko ndani ya mwezi wa Panya, unaoanza karibu na tarehe 7 Desemba na kuisha siku chache baada ya mwaka mpya. Panya anagongana na Farasi, na mwaka 2026 ni wa Farasi. Maana yake, kwa kanuni zenyewe, sisi wote wa 1 Januari tunapewa mgongano mwaka huo. Kambi nzima! Mgongano huo umetoka mezani kwa mwandishi.

Msiseme haya ni mambo ya kucheka tu. Mwaka 1966 ulikuwa Farasi wa moto, kama 2026. Japani, walikopokea mzunguko huu kutoka China, waliamini msichana wa mwaka huo atamletea mumewe balaa. Watoto waliozaliwa wakapungua kutoka takriban milioni 1.82 mwaka 1965 mpaka milioni 1.36. Robo nzima, kwa sababu ya jina la mwaka. Na huku kwetu, ni wasichana wangapi wameambiwa wana nyota chafu, wakatoa pesa ya chakula ili isafishwe?

Kwa ndugu zetu wa mashirika: kijana akikuambia nyota yake mbaya, usimcheke. Muulize kama wale wanajimu makini walivyouliza: majira yakoje? Ana kibali cha kufanya kazi? Shule ipo? Anaruhusiwa kutoka kambini? Mnatufundisha ushonaji, kompyuta, kujitegemea, na tunashukuru. Lakini mtu akipewa mafunzo bila mtaji wala ruhusa ya kutembea, huko ni kuungana bila kugeuka. Amefungwa kwenye programu, na kazi aliyoijua kwao pia imempotea.

Na kwenu vijana wenzangu wa 1 Januari, nina ombi. Kama una mama, babu, shangazi au jirani wa zamani anayekumbuka ulipozaliwa, mtafute wiki hii. Ilikuwa wakati wa mvua au wa mavuno? Kabla ya kukimbia au njiani? Nani alikupokea? Andika atakachokuambia, uweke tarehe na jina lake, kwa sababu wazee wetu wanaondoka. Hiyo ni historia yako, na karatasi ya usajili haina nafasi ya kuiandika.